Muziki Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mgonjwa aliyelazwa hospitali husikia sauti nyingi ambazo hakuzichagua. Husikia magurudumu ya kitoroli cha dawa, vyuma vinavyogongana, kikohozi cha jirani, na kilio cha mtoto katika wodi ya pili. Macho aweza kuyafumba asione. Masikio hayana kope. Kwa sababu hiyo wataalamu wa uuguzi wamejiuliza kwa muda mrefu swali hili: ikiwa sauti mbaya humzidishia mgonjwa taabu, je, sauti iliyochaguliwa vyema yaweza kumpunguzia? Katika makala haya tutaeleza maana ya muziki wa tiba, jinsi unavyofanya kazi mwilini, mambo yaliyokwisha kupimwa, na jinsi ambavyo ungeweza kutumiwa katika hospitali zetu za mwambao wa Ziwa Viktoria.

Maana yake

Yafaa kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni burudani: kwaya au kikundi cha ngoma kinakuja wodini siku ya sikukuu, kinaimba, kisha kinaondoka. La pili ni muziki wa kutuliza: mpigaji mmoja anakaa karibu na mgonjwa mmoja, anamtazama anavyopumua, na kupiga polepole au kwa haraka kufuatana na hali yake. La tatu ni tiba ya muziki kamili, ambayo ni kazi ya mtaalamu aliyesomea. Yeye huweka lengo pamoja na daktari, kwa mfano kumrudishia usemi mtu aliyepooza, na hupima maendeleo wiki kwa wiki. Huko Marekani mafunzo ya chuo ya kazi hiyo yalianza mwaka 1944 katika chuo cha jimbo la Michigan. Makala yetu yahusu zaidi jambo la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kuanzishwa mahali pasipo na mtaalamu.

Neno tiba lisitudanganye. Muziki hauui vijidudu, hauyeyushi uvimbe, wala haunyooshi mfupa uliovunjika. Kazi yake ni kumsaidia mwenye maradhi ayavumilie maradhi yake na matibabu yake.

Jambo la kale katika nchi yetu

Katika lugha nyingi za Kibantu neno ngoma lina maana zaidi ya moja: chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na mara nyingi pia mkutano wa uganga. Mtaalamu wa elimu ya mila John Janzen, aliyefanya uchunguzi katika miji kadhaa ya Afrika ukiwemo Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1992 kitabu kizima juu ya ngoma kama chombo cha uponyaji. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kulikuwako chama cha Buswezi, ambacho wanachama wake waliingizwa kwa nyimbo na ngoma baada ya kupatwa na maradhi au misiba. Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1955. Wacheza nyoka waitwao Bayeye walijulikana kwa ngoma zao na pia kwa dawa zao za sumu ya nyoka. Hata vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana kila mwaka baada ya mavuno, asili yake yasimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili. Mengi ya mambo hayo yamehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement.

Msomaji asidhani kwamba twamwambia aache hospitali arudi kwenye ngoma za uganga. Twasema tu kwamba wazo la kumkusanyikia mgonjwa kwa sauti halikuja na meli. Kilicho kipya ni kipimo: kuuliza ni nini hasa kinachobadilika mwilini, kwa kiasi gani, na kwa nani.

Njia ya sauti mwilini

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia sikioni, hutikisa kiwambo, kisha hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi kwenye sikio la ndani. Humo nywele ndogo mno hugeuza mtikisiko kuwa habari ya umeme, nayo hupelekwa na neva hadi kwenye ubongo. Kutoka hapo habari hiyo hutawanyika. Sehemu moja ya ubongo hutambua wimbo, nyingine huamsha kumbukumbu, nyingine huamsha furaha au huzuni, na sehemu za chini kabisa, zinazoongoza moyo na pumzi, nazo hupata fungu lao.

Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walichapisha uchunguzi juu ya watu 24, nusu yao wanamuziki, waliosikilizishwa muziki wa aina sita. Muziki ulipokwenda mbio, pumzi na mapigo ya moyo yaliongezeka. Ulipokwenda polepole, athari hiyo ilikuwa ndogo. Mwendo wa muziki ulikuwa na nguvu zaidi kuliko aina yake. Lakini lililowashangaza wengi ni hili: katika kituo cha dakika mbili kilichowekwa bila muziki, moyo na pumzi vilitulia hata kupita hali ya mwanzo. Kwa hiyo kimya kinachofuata wimbo ni sehemu ya tiba, na mpigaji asiyejua kunyamaza hajaijua kazi yake.

Kuhusu maumivu, mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Walisema kwamba habari ya maumivu haipiti moja kwa moja kutoka kidondani hadi ubongoni. Katika uti wa mgongo imo sehemu inayofanya kazi kama lango, na ubongo wenyewe waweza kupeleka amri ya kulifungua au kulifunga kiasi. Mambo mengi ya nadharia hiyo yamesahihishwa baadaye, lakini msingi wake umesimama. Hofu, upweke na kukosa usingizi hulifungua lango. Utulivu, na akili iliyoshughulishwa na jambo jingine, hulifunga kwa kiasi. Aidha, mwaka 2011 wachunguzi wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mtu anaposikia muziki aupendao sana, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali ile ile inayohusika na raha ya chakula.

Yaliyopimwa na mipaka yake

Jarida la Lancet la mwaka 2015 lilitoa muhtasari wa majaribio 73 yaliyofanywa juu ya wagonjwa wa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu na wasiwasi mdogo zaidi, nao walihitaji dawa chache zaidi za kutuliza maumivu. Hata hivyo hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao. Muhtasari mwingine wa mwaka 2021, ulioandaliwa na Joke Bradt na wenzake juu ya wagonjwa wa saratani, ulikusanya majaribio 81 yenye watu 5,576. Huo nao ulionyesha kwamba muziki waweza kupunguza wasiwasi, huzuni, maumivu na uchovu.

Msomaji mwangalifu atauliza, je, majaribio hayo yaaminike kwa kiasi gani? Dawa hupimwa kwa kumpa mgonjwa mmoja kidonge cha kweli na mwingine kidonge kitupu, bila wenyewe kujua. Muziki haupimiki hivyo, maana kila mtu ajua kama amesikia wimbo au hakusikia. Mgonjwa apenda pia kumridhisha mtu aliyemjia kwa wema, naye aweza kusema amepata nafuu. Ndiyo sababu waandishi wa mihtasari hiyo wenyewe wameonya kwamba ushahidi katika mambo kadhaa ni wa daraja la chini. Tukisema kwamba muziki ni msaada mdogo au wa wastani, usio na gharama kubwa wala madhara mengi, tumesema kweli. Tukisema zaidi ya hapo, tumeingia katika biashara ya matumaini.

Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha jina hilo mjini Mwanza, ina vitanda zaidi ya 900 na hupokea wagonjwa wa rufani kutoka mikoa yote inayozunguka ziwa. Wengi wao wako mbali na kwao. Wako waliovuka maji kutoka Ukerewe, na wako waliotoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu na Shinyanga.

Maradhi mawili ya kanda hii yatasaidia kuonyesha haja tunayoizungumzia. La kwanza ni selimundu. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na kumletea mgonjwa, mara nyingi mtoto, maumivu makali yanayorudi tena na tena maisha yote. La pili ni uvimbe wa taya ulioelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa Kampala, nao huwapata zaidi watoto wa nchi za joto zenye malaria nyingi, zikiwemo hizi za kandokando ya ziwa. Saratani hiyo huponyeka kwa dawa ikiwahiwa, lakini matibabu ni ya majuma mengi, na dawa zenyewe huleta kichefuchefu. Mtoto wa namna hiyo, akiwa amelala katika mji asioujua, ana maumivu ya mwili na ana hofu. Dawa huyashughulikia maumivu. Hofu huachwa mara nyingi ijitafutie njia.

Hapa sharti tuseme jambo moja kwa mkazo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi, kuanzia dawa nyepesi hadi mofini. Nchini Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 huduma ya hospisi iliyotumia mofini ya maji ya kunywa, ambayo ni rahisi kutengeneza na bei yake si kubwa. Basi mwenye maumivu makali ana haki ya kupata dawa. Wimbo ukiimbwa mahali ambapo mofini ilistahili kutolewa, wimbo huo ni dhuluma. Muziki huja pamoja na dawa, au baada yake, wala hauchukui nafasi yake.

Kuchagua ala na wimbo

Ala zetu si za namna moja. Ngoma kubwa za bugobogobo, ambazo Wasukuma huzitumia kuhimiza kilimo, zilitengenezwa zisikike shamba zima. Zina nguvu ya kuamsha watu, na ndani ya wodi nguvu hiyo ni adui. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za wodini wakati wa usiku zisizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia 60 hivi. Ala zifaazo ni zile zenye sauti ndogo. Mfano mmoja ni enanga ya Wahaya na Wakerewe, mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo na kutandazwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Tendi zilizoimbwa kwa ala hiyo huko Buhaya zimechunguzwa na Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfano mwingine ni ndono ya Wasukuma, uta wenye kibuyu, ambao sauti yake haivuki mbali. Marimba ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba nayo yafaa sana.

Sauti ndogo peke yake haitoshi, kwa sababu kila ala ina historia yake katika moyo wa msikilizaji. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, imepigwa tangu zamani matangani kumsifu marehemu, ingawa hupigwa pia katika sherehe. Mzee wa Rorya akiamka na kusikia nyatiti kando ya kitanda chake, aweza kufikiri kwamba watu wamekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Hali ni hiyo hiyo kwa nyimbo za dini. Wimbo unaomfariji Mkristo mmoja waweza kuwa ndio ulioimbwa wakati wa kumzika mama wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Na Mwislamu aliyelala kati yao huenda angependa kusikia kisomo cha Kurani, ambacho kwake si muziki na wala kisihesabiwe hivyo. Muhtasari wa Lancet tuliokwisha kuutaja ulionyesha kwamba nani aliyechagua muziki hakukuleta tofauti kubwa katika vipimo. Lakini vipimo hivyo ni wastani wa watu wengi, navyo havimwoni mtu mmoja aliyeogofywa. Kumwuliza mgonjwa hakugharimu kitu.

Utaratibu wa kufuata

Hospitali inayotaka kuanza yaweza kufuata hatua hizi.

Kwanza, ruhusa. Mpigaji amwombe muuguzi mkuu wa wodi, kisha amwombe mgonjwa mwenyewe. Mtu aliye sokoni akichukizwa na wimbo huondoka. Mgonjwa hawezi kuondoka. Kwa hiyo ni lazima apewe njia rahisi ya kusema basi, kwa mfano kuinua kidole, na ishara hiyo iheshimiwe papo hapo bila kuuliza sababu. Majirani zake nao waulizwe, maana pazia halizuii sauti.

Pili, kusikia. Baadhi ya dawa, kama kwinini, na sisplatini itumiwayo kwa saratani, zaweza kuleta mvumo masikioni au kupunguza usikivu. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akaumizwa na sauti nyembamba za juu. Ajaribiwe kwa sauti nene na ya chini.

Tatu, usafi. Ala inayopita kitanda hadi kitanda yaweza kupitisha vijidudu. Mpigaji anawe mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Ala ya mti laini au ya chuma yaweza kupanguswa kwa dawa. Ngozi na kibuyu ni vigumu kusafisha, hivyo mgonjwa asivishike. Filimbi isipokezanwe. Katika wodi ya kifua kikuu kuimba ndani ya chumba kilichofungwa kusiruhusiwe, kwa sababu anayeimba hutoa matone mengi hewani kuliko anayenyamaza. Ikiwezekana wagonjwa watoke nje kwenye upepo.

Nne, mwendo. Mpigaji aanze karibu na mwendo wa pumzi aliyoikuta. Ikiwa mgonjwa anahema haraka, wimbo wa polepole mno mwanzoni hautamshika. Baada ya dakika chache mpigaji apunguze mwendo kidogo kidogo, kama mvuvi anavyoachia kamba ya tanga, huku akimtazama mgonjwa. Dakika 15 hadi 20 zatosha. Kisha anyamaze, akae.

Tano, kumbukumbu. Kabla na baada, muuguzi amwulize mgonjwa maumivu yake ni mangapi kati ya 0 na 10, ahesabu mapigo na pumzi, aandike pamoja na saa ya mwisho ya kumeza dawa. Bila daftari hilo hatutajua kama nafuu imeletwa na wimbo au na kidonge.

Mgonjwa anayekaribia kufa

Katika huduma shufaa, yaani uangalizi wa mtu ambaye ugonjwa wake hauponyeki tena, lengo hubadilika. Daktari Balfour Mount na mwanamuziki Susan Munro wa hospitali ya Royal Victoria, Montreal, waliandika mwaka 1978 jinsi muziki ulivyowasaidia wagonjwa wao kuzungumza na jamaa zao mambo ambayo maneno matupu yalishindwa kuyafungua. Wimbo wa ujana huleta habari za ujana. Mzee husimulia, mwana husikiliza, na pengine ugomvi wa miaka mingi hupata mahali pa kuishia.

Je, mtu aliyekwisha kupoteza fahamu husikia? Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi katika saa zao za mwisho. Ubongo wa baadhi yao waliokuwa hawaitiki tena uliendelea kuitikia sauti kama ubongo wa mtu mzima. Jambo hilo halithibitishi kwamba walielewa walichokisikia, lakini latosha kutuonya tusiseme kando ya kitanda hicho neno ambalo tusingependa lisikike. Muziki wa saa hiyo uwe mwepesi, usio na pigo la nguvu linalolazimisha moyo uliochoka kufuata mwendo. Mara nyingi sauti inayofaa kuliko zote ni ya mtu wa nyumbani anayeimba kwa sauti ya chini katika lugha ya nyumbani, iwe Kisukuma, Kikerewe, Kihaya au Kijita. Kazi ya mpigaji hapo ni kumpa ndugu huyo ujasiri wa kuanza, kisha yeye mwenyewe arudi nyuma.

Jaribio la kufanya

Msomaji aweza kupima mwenyewe sehemu ya mambo tuliyoyaeleza. Afanye jaribio hili kwa mtu mwenye afya, si kwa mgonjwa. Mtu huyo akae kimya dakika 5, kisha hesabu mapigo ya mkono wake kwa dakika 1, uandike. Piga wimbo wa haraka kwa dakika 3, hesabu tena. Nyamazeni dakika 2, hesabu. Piga wimbo wa polepole dakika 3, hesabu. Nyamazeni dakika 2, hesabu mara ya mwisho. Rudia siku tatu, na siku ya pili uanze na wimbo wa polepole, ili usije ukadhani kwamba wimbo umefanya kazi iliyofanywa na kupumzika. Mkifanya darasani wanafunzi 20 au zaidi, tafuteni wastani, kisha mtazame ni wangapi ambao mapigo yao yalikwenda kinyume cha wastani huo. Hao ndio watakaowafundisha kwa nini mpigaji sharti amtazame mgonjwa aliye mbele yake.

Mwisho

Tumeona kwamba muziki hugusa pumzi, moyo, kumbukumbu na hofu. Kwamba msaada wake umepimwa ingawa una mipaka. Na kwamba ala na nyimbo za mwambao wa ziwa zafaa kwa kazi hiyo zikichaguliwa kwa busara. Mahitaji yake si makubwa: ala moja yenye sauti ndogo, mtu mwenye subira, daftari, na muuguzi aliyekubali. Wanaosomea uuguzi na utabibu katika kanda hii wangefanya vyema kuweka kumbukumbu za namna hiyo wodi kwa wodi, kwa kuwa majaribio mengi tuliyoyataja yalifanyika katika nchi za mbali, kwa nyimbo ambazo mgonjwa wa Sengerema au Nansio hazijui. Takwimu za wagonjwa wetu wenyewe, zikikusanywa kwa uaminifu, ndizo zitakazotuambia ni wimbo upi, kwa nani, na wakati gani.